Neno la Kitanda cha Dirishani

Wenzangu mliobaki studio, mmeniomba niwaandikie yale yasiyomo kwenye mwongozo wa kazi. Haya, naandika, ila msitegemee niwaeleze nani alipandishwa cheo na kwa nini, maana hayo mnayasengenya wenyewe kila mchana kantini na mnayajua kuliko mimi. Mimi nitawaeleza nilivyoshtuka. Ukiondoa kusoma matangazo ya vifo na kungoja umeme urudi, kazi yangu miaka yote ile ilikuwa kushtuka mbele ya maikrofoni kwa sababu ya maneno ya Kiingereza.

Nilianza kushtuka siku ya kwanza. Nilitoka chuoni nikijua ninakwenda kusoma taarifa ya habari, nimevaa viatu vya kuazima, nikapokewa na Mzee Rajabu, mkuu wa vipindi, mtu wa mjini hapa hapa, mwenye kofia na kikohozi cha sigara. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama, kisha akauliza, "Kiingereza unakijua?"

"Nakijua, mzee."

"Nani kakudanganya?"

Akanisogezea kamusi kubwa isiyo na jalada, ile mnayoiona mpaka leo, akaweka kidole kwenye neno moja na kuniambia nisome. Neno lilikuwa "defenestration". Maana yake, kwa mujibu wa kamusi, ni kitendo cha kumtupa mtu nje kwa kumpitisha dirishani. Nikadhani kuna kosa la uchapaji. Nikasoma mara ya pili, kitu kile kile.

"Mzee, kumbe hilo lina neno lake?"

"Lina neno lake. Sasa jiulize hao wenye lugha wameshuhudia mangapi mpaka wakaona walihitaji."

Jioni ile nilirudi nilikopanga Mabatini nikiyatazama madirisha ya watu njia nzima. Yote yalikuwa na nondo. Nikapata amani kidogo, nikaona kwetu hapa jambo hilo haliwezekani hata mtu akitaka.

Kazi niliyopewa haikuwa taarifa ya habari. Ilikuwa kipindi cha Salamu na Neno, kila Jumatano saa nne asubuhi. Ninyi vijana mmezikuta salamu zimehamia kwenye simu, lakini zamani nyingi zilikuja kwenye kadi, na watuma salamu walikuwa ukoo mzima: wanajuana kwa majina ya kujibandika, wanazikana, wanahudhuria harusi za watoto wao, na wengi hawajawahi kuonana sura. Mtu anataja anaowasalimu, anamaliza na ujumbe wake, basi, moyo wake umetulia wiki nzima. Mzee Rajabu akaongeza kitu kimoja tu. Kila mtuma salamu aruhusiwe kuja na neno gumu la Kiingereza alilokutana nalo popote, nasi tulifungue hewani, kamusi ikiwa mezani na kurasa zikisikika.

Kurasa zilikuwa na kazi yake. Mzee Rajabu alinifundisha kuweka maikrofoni karibu na karatasi ili msikilizaji asikie nikitafuta, hata kama neno ninalijua. "Mtu akisikia unatafuta, anatafuta pamoja nawe," alisema. Na alinipa sheria nyingine ambayo sikuielewa mpaka siku nitakayowaeleza: kabla ya kufungua kamusi, uliza neno limetoka wapi. Kila neno lina kwao, na usipojua kwao utamvisha mtu nguo isiyo yake.

Kwa hiyo nikauliza. Maneno yalitoka kwenye mifuko ya mbolea, kwenye fulana za mitumba, kwenye makaratasi ya dawa, kwenye madaftari ya watoto waliosoma kuliko wazazi. Mwanafunzi mmoja wa uuguzi alileta "borborygmus", nikasoma, nikakuta ni mlio wa tumbo linalonguruma kwa njaa au gesi. Nilikaa kimya kwa mshangao, na katika ukimya ule tumbo la Masanja, fundi wetu wa mitambo, likanguruma vizuri kabisa mpaka Sengerema wakasikia. Masanja alisema hilo ndilo tangazo lake la kwanza redioni.

Kulikuwa na kinyozi wa Mabatini aliyefungua duka na kuandika kwa rangi nyekundu, herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara, Lugubrious Hair Saloon. Alilikuta neno kwenye gazeti kuukuu lililofungia sabuni, akalipenda mlio. Mteja wake akalileta kipindini. Nikafungua, nikaona maana ni mwenye huzuni nzito, mwenye sura ya matanga, nikahisi jasho jembamba, maana najua kinyozi ananisikiliza na wembe mkononi. Nikaisoma. Nilidhani atakuja kunifanyia fujo, lakini alipiga simu wiki iliyofuata kushukuru. Wateja walikuwa wanafika kuuliza kuna msiba gani, na wakishaingia wanaona aibu kutoka bila kunyolewa.

Siku nyingine kijana wa chuo, mjanja, akaleta "callipygian". Sikulijua. Nikafungua kurasa kwa mbwembwe zote, nikalikuta, nikafa ganzi. Maana yake ni mwenye makalio mazuri. Saa nne asubuhi, wazee wanakunywa chai, masista wanasikiliza. Nikazunguka, nikasema ni mtu mwenye maumbile mema upande wa nyuma, nikaona masikio yananichoma. Simu iliyofuata ilikuwa ya bibi mmoja wa Mkolani. "Mjukuu wangu," akasema taratibu, "unahangaika bure. Sisi tunasema tu amejaaliwa." Mzee Rajabu alicheka mpaka kikohozi kikamtoa nje.

Nawaeleza haya ili mjue nilivyokuwa nayachukulia maneno yale. Kwangu yalikuwa njugu za kutafuna. Nilishtuka, nikacheka, nikaenda nyumbani. Mzee Rajabu alipokwisha kustaafu na baadaye kututoka, Mungu amrehemu, niliendelea hivyo hivyo na kamusi yake, na sikuwahi kufikiria kwamba neno linaweza kuingia studio likiwa na mtu ndani yake.

Miongoni mwa watuma salamu wangu alikuwapo mmoja aliyejiita Injini Baridi wa Kamanga. Jina lake la nyumbani ni Bwire, fundi wa mashine za boti upande ule wa pili wa maji. Sura yake sikuijua. Sauti yake niliijua kuliko ya ndugu zangu. Hakukosa Jumatano, na maneno yake aliyatoa kwenye makaratasi ya vipuri. Kisha akapotea wiki moja, ikaja ya pili, wenzake wakaanza kumuulizia hewani.

Jumatano ya tatu simu ikaita, Masanja akaniwekea.

"Injini Baridi wa Kamanga hapa." Sauti ilikuwa nyembamba, nikadhani ni mtandao.

"Mzee wangu, shikamoo. Umetutupa."

"Marahaba, Dada Kabula. Nilipumzika kidogo. Leo nina neno. Halikuandikwa mahali, nimelishika lilivyosemwa. Moribandi."

Masanja akatabasamu nyuma ya kioo, maana neno lina mlio mzuri. Mimi nilikuwa nalijua. Nilishakutana nalo kwenye jarida moja likivisema viwanda vilivyolala. Nikauliza kama ada, na sauti yangu ya kuchekesha kama ada, "Limetoka wapi hilo?"

"Limetoka wodini."

Nikabana vifaa vya masikioni kwa mikono.

"Niko hospitali huku mjini, kifua," akaendelea. "Asubuhi hii madaktari wamepita, mkubwa na vijana wake. Wamesimama hapa miguuni kwetu. Mkubwa akazungumza Kiingereza kirefu, mimi nikashika hilo moja, maana alipolisema wale vijana waliacha kuandika. Halafu wakaenda. Nimemuuliza nesi, akaniambia mzee pumzika, utapona, lakini anasema huku anatazama mlango. Dada Kabula, wewe hujawahi kunipa neno nusu. Nipe maana."

Sijui niwaelezeje. Nimesoma matangazo ya ajali, nimesoma majina ya watu niliowafahamu, lakini sikuwahi kuombwa na mwenye habari nimsomee yake. Masanja alikuwa ameweka kidole kwenye kitufe cha muziki, ananitazama, anangoja nimkubalie. Wimbo mmoja tu, simu inakatika, tunalaumu mtandao. Nani angebisha?

Nikafungua kamusi. Neno nalijua, lakini nikafungua, nikaanza na kurasa za mwanzo kabisa, nikazipindua moja moja, na maikrofoni ikazichukua. Watu walinieleza baadaye kwamba sokoni samaki waliachwa kwenye mizani.

"Mzee," nikasema, "mama yupo hapo nawe?"

"Yuko kwenye kivuko, anavuka na uji."

"Basi tumngoje afike. Nitakupigia mwenyewe, tuongee nje ya kipindi."

"Dada Kabula, kipindi ni chako. Neno ni langu."

Nikamtikisia Masanja kichwa, akaondoa kidole. Nikafika kwenye M. Nikasoma. "Linatamkwa moribund. Maana yake ni mtu aliye karibu kufa."

Nilisikia kitanda kikilia huko aliko, na mtu akikohoa mbali kidogo na simu.

"Karibu kiasi gani?"

"Kamusi haisemi, mzee."

"Haya. Nashukuru." Akavuta pumzi. "Sasa nina salamu zangu, nitazisoma mwenyewe. Nawasalimu wafuatao. Mke wangu Mama Nyangeta, popote alipo hapo juu ya maji, akishuka asikimbie, uji utamwagika. Wanangu wote, walioniudhi na ambao bado. Watuma salamu wenzangu wa kanda nzima. Na wa mwisho, jirani yangu wa kitanda cha dirishani, Mzee Maganga, ambaye tangu nimeletwa hapa sijaona mtu amekuja kumtazama. Ujumbe wangu unasema, tumekaa vizuri, asanteni."

Akakata. Masanja akaweka muziki bila kuniuliza, nami nikavua vifaa vya masikioni nikaenda msalani kunawa uso, na kila nikinawa unalowa tena.

Nilichoshtukia zaidi si kifo. Kifo tunakijua, kina kipindi chake hapa redioni. Nilishtuka kwamba watu wazima wanaweza kusimama miguuni pa mtu aliye macho, aliyeoga, aliyewaamkia, wakamsema kwa lugha ya juu kama hayupo. Nyumbani kwetu wazazi wakitaka watoto wasielewe wanahamia Kisukuma. Sikujua kwamba hata mzee mwenye wajukuu anaweza kufanywa mtoto hivyo, tena juu ya habari yake mwenyewe. Na nilijishtukia mimi, kwamba maneno haya nimekuwa nikiyachezea kama gololi.

Mkurugenzi aliniita. Alisema mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Mama Nyangeta alikuwa amesikia yote katikati ya maji, redio ya abiria mmoja ikiwa wazi, kivuko kizima kikimtazama, na nasikia hakulia. Alishika chupa ya uji kwa mikono miwili, akashuka akitembea polepole kama alivyoagizwa. Nilipoambiwa hilo nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake watuma salamu walikwenda wodini tangu asubuhi. Vitanda viwili, cha dirishani na cha pembeni yake, walivikuta vitupu, mashuka yametolewa. Mfanya usafi akawaambia mzee amefariki alfajiri. Hawakuuliza mzee yupi. Walikuja studio wakilia, watu wenye majina kama Chuma cha Pua na Mama Usinune, wakaunda kamati ya mazishi pale pale mapokezi, wakagombania nani atasoma wasifu wa marehemu. Wakanitaka nitangaze. Nikakataa. Nanyi msije mkaisahau sheria hii: kifo hakitangazwi mpaka ndugu wa marehemu aje mwenyewe. Wakanuna, wakaondoka kwenda kupanda kivuko wakakae matanga Kamanga.

Alasiri nilikuwa nimekaa mapokezi na kikombe cha chai kilichopoa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mrefu, mkavu, koti limemzidi, anahema. Nyuma yake iliingia kamati nzima, kimya, macho yamewatoka. Nikasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Injini Baridi hapa."

Kikombe kilivunjika. Sauti ilikuwa ile ile, haijapungua hata kidogo, imetoka kwenye mdomo niliokuwa siujui. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Chuma cha Pua akaniambia nisijali, na wao walikimbia vile vile walipomkuta nyumbani kwake Kamanga anakula sato.

"Wewe mzee," nikasema, "si wamesema..."

"Nipe kiti kwanza, mwanangu. Kifua bado."

Akakaa. Alituambia kwamba jana ile, alipokata simu, wodi nzima ilikuwa inamtazama. Redio yake ndogo ilikuwa juu ya kabati katikati ya vitanda viwili, na Mzee Maganga alikuwa amesikiliza kila kitu. Maganga alikuwa mchunga ng'ombe wa watu, mtu wa mbali, wa maneno machache. Akauliza, "Wamesema jina langu kwenye ledio?"

"Wamesema. Nimekusalimu."

"Lilikuwa halijawahi kusemwa." Kisha akageuza kichwa kwenye mto, na alichosema Mzee Bwire alitusimulia vile vile kilivyosemwa, kwa lafudhi ile ile. "Bwile, neno lile si lako. Dakitali alipolisema mimi nilikuwa namtazama macho. Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Wewe ngoja uji wako."

Mama Usinune alikaa chini sakafuni.

"Nikambisha," Mzee Bwire akasema. "Nikamwambia hapana mzee, neno nimelichukua mimi. Akanicheka. Akasema kama nalitaka ningoje zamu yangu. Mke wangu alipofika akamnywesha uji kabla yangu, maana nilimwambia hivyo. Jioni mmoja wa wale madaktari vijana akarudi peke yake, jasho linamtoka, ameshasikia habari ya redio. Akanieleza kwa Kiswahili, kitandani, amekaa chini kabisa. Mapafu yangu yanapona. Halafu akahamia kitanda cha pili, akakaa huko naye, akasema naye Kiswahili. Sikusikiliza. Hayo yalikuwa ya Maganga."

Alfajiri Maganga akafariki. Asubuhi Bwire akaomba ruhusa ya kurudi nyumbani, na mkewe akamvusha. Watu wa kamati walipomfikia Kamanga na khanga zao na vilio vyao, wakamkuta hai, walitaka kurudi. Akawazuia. "Kamati msiivunje," akawaambia. "Msiba upo. Marehemu tu ndiye mwingine."

Ndiyo maana alikuja kwangu. Alitaka tangazo la kifo cha Maganga. Nikachukua kalamu, nikauliza kama tunavyouliza wote, ndugu wa marehemu ni nani?

"Andika mimi."

Sikuandika mara moja. Sheria naijua, niliwakatalia wenzake asubuhi ile ile. Nilimtazama, kisha nikaandika. Nilisoma tangazo lile jioni ile na kesho yake, nikiwaomba na wa damu yake wajitokeze. Baada ya siku kadhaa akaja mpwa mmoja kutoka machungani upande wa Geita, aliyesema hata yeye hamkumbuki sawasawa. Alitia sahihi za hospitali, akakubali mjomba wake azikwe Kamanga, shambani kwa Bwire. Kamati ikafanya kazi yake. Wasifu ulikuwa mfupi mno, kwa hiyo badala ya wasifu kila mtu alisimama na kumsalimu kwa jina, mmoja baada ya mwingine, mpaka jua likawa kali. Nimekwenda mazishi mengi ya watu wakubwa. Sijaona yaliyojaa namna ile.

Baada ya pale kipindi kiliendelea, na maneno yaliendelea kunishtua, lakini nilianza kuyashika kwa mikono miwili. Yule daktari kijana alipiga simu mara moja, hakutaja jina. Aliuliza kama tuna neno la Kiswahili la moribund, neno moja, la heshima. Nikamwambia sina, ila nadhani kutokuwa nalo kunamsaidia. Itabidi akae chini na aseme kwa maneno mengi. Akasema amenielewa.

Sasa niko Mkolani, nachambua mchicha barazani, na watoto wa jirani wananiletea maneno kutoka kwenye fulana zao. Kamusi nimewaachia, iko kwenye droo ya chini, upande wa Masanja. Msiifungue kwa mbwembwe kabla hamjauliza neno limetoka wapi. Mkishauliza hilo, ulizeni na la pili, ambalo Mzee Rajabu hakuwahi kunifundisha, nimefundishwa na mchunga ng'ombe: aliyelisema alikuwa anamtazama nani?

Kuna jambo dogo la mwisho. Najua mwongozo unasema salamu ni za watu walio hai, na najua mkurugenzi wenu mpya anapenda mwongozo. Lakini Jumatano Injini Baridi akipiga, atawataja mkewe, wanawe, na wenzake wa kanda nzima, kisha atafika kwa jirani yake wa kitanda cha dirishani. Hapo msimkate. Mwacheni amalize.